Sauti ya Okello katika Duka la Githinji

Pale panapouzwa sasa mbegu za mahindi na dawa ya kupe, kwenye barabara ya kuteremkia stesheni ya Eldoret, palikuwa na duka la santuri na vitabu. Lilikuwa la Mzee Githinji. Nilifanya kazi humo miaka minane. Sasa ni mwaka wa 1979, na juzi nilipoingia kununua mbegu za sukuma wiki, mwenye duka aliniuliza mbona natazama dari. Nilikuwa natafuta msumari uliokuwa ukishikilia spika yetu. Bado upo. Wameutundikia mizani.

Sikumweleza. Naandika hapa badala yake, kwa sababu mambo haya nikiyaweka kichwani tu yatapotea, na tayari limepotea moja: sauti ya mume wangu. Sura yake ninayo, kwenye picha ya kitambulisho cha reli. Mwendo wake anao binti yetu. Sauti sina. Niliwahi kuwa nayo mikononi, imefungwa kwa gazeti, na nilijua ninachofanya nilipoiachilia.

Githinji alitoka Nyeri akapitia Timboroa, ambako alifanya kazi katika kiwanda cha mbao mpaka msumeno ulipomkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Wengine wangerudi kwao. Yeye aliteremka Eldoret, mji ambao wazee bado waliuita Sisibo, akakodi chumba kwa Mhindi mmoja aliyekuwa fundi wa viatu. Hiyo ilikuwa 1964. Masetla walikuwa wakiondoka, na kila Jumamosi palikuwa na mnada katika shamba moja au jingine. Watu walikimbilia ng'ombe, plau na vitanda. Githinji alingoja vitu vilivyobaki mwisho, masanduku ya vitabu na gramafoni za kuzungusha kwa mkono. Hakujua Kiingereza, kwa hivyo alichagua vitabu kwa kuvipima mkononi, kizito ndicho kizuri. Ndiyo maana duka lilianza na kitabu kinene cha magonjwa ya kondoo, na juzuu la pili na la nne la hadithi ambayo juzuu la kwanza na la tatu hatukuyaona kamwe.

Mimi niliingia humo mwaka wa 1966. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha pili, nimeolewa na Eliakim Okello, karani wa mizigo pale stesheni, na nilikuwa nimechoka kukaa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, nikihesabu mabehewa.

"Unasoma lugha ngapi?" Githinji aliniuliza.

"Tatu. Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza."

"Basi kaa upande wa vitabu. Mimi nitakaa upande wa kelele."

Duka lilikuwa na utaratibu wake. Mteja hakununua santuri bila kuonja. Githinji aliishika kwenye ukingo kwa vile vidole vitatu, akapuliza vumbi, akaweka sindano. Alicheza upande mmoja tu, na wimbo ukiendelea hakuna aliyeruhusiwa kusema neno, hata angekuwa polisi. Ukiisha, Githinji aliuliza, "Tufunge?" Mteja akikubali, mimi niliandika jina lake kwa wino kwenye lebo ya katikati, maana watu walibeba santuri zao kwenda harusini, na zikichanganyika huko ugomvi wake ulikuwa mkubwa. Niliandika majina ya kila aina: ya Wakikuyu waliokuja kununua mashamba, ya Wajaluo na Waluhya wa reli, ya Wanandi waliotembea kutoka Kiplombe. Mzee mmoja, Kipyego, alikuja kila Jumamosi akaonja santuri ile ile kwa miaka miwili bila kuinunua. Githinji akamuuliza sababu.

"Nikiinunua nitaisikiliza na nani?" akasema Kipyego. "Kwangu kuna ng'ombe tu."

Mke wa Githinji, Nyaguthii, alikuwa mwanamke wa haraka na wa kweli, na duka lile hakulipenda. Wakati huo kila mtu wa kwao alikuwa na hisa katika kampuni ya kununua mashamba. Watu walikutana barabarani wakaulizana habari za kura za mashamba kabla ya kuulizana habari za watoto. Nyaguthii alisimama mlangoni na kikapu chake, akapaza sauti ili wateja wasikie.

"Baba Waweru, wenzako wananunua udongo, wewe unazungusha sahani!"

"Udongo hauimbi," Githinji alimjibu.

"Na sahani haipikwi!"

Wateja wakacheka, na Githinji naye akacheka, lakini hisa alinunua. Alikuwa mtu wa kutaka amani nyumbani.

Okello wangu alipiga gitaa. Jioni akitoka kazini alikaa kwenye ngazi ya nyumba yetu pale landi, akapiga mpaka ugali uive. Mwaka wa 1968 alikwenda Nairobi na wenzake wawili, wakarekodi santuri moja. Sanduku la santuri hamsini lilifika Eldoret kwa treni ya mizigo, na yeye ndiye karani aliyekuwa zamu. Alijipokea mwenyewe na kujitilia sahihi. Alicheka siku nzima.

Wimbo ulikuwa juu ya treni inayopanda Timboroa usiku, imejaa mahindi, na dereva anamwambia mwanamke aliyemwacha nyumbani asifunge mlango. Mwanamke huyo anaitwa Selpha. Selpha ni mimi.

Kila Jumamosi Githinji aliuweka wimbo huo kwenye spika, ukasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Okello akiwa dukani aliona haya, akajificha nyuma ya kitabu cha magonjwa ya kondoo. Nyumbani tulikuwa na santuri yetu. Binti yetu Aketch, alipokuwa na miaka miwili, aliiweka juu ya jiko la makaa, ikajikunja kama sikio. Okello aliitazama akasema, "Tutachukua nyingine. Dukani ziko." Hatukuchukua. Mtu anayeisikia sauti hiyo kila siku mezani, akiomba chumvi, ataihifadhi ya nini?

Aprili mwaka wa 1971, katika mvua kubwa, alishikwa na nimonia. Aliugua siku sita. Tulimpeleka nyumbani kwao Alego kumzika.

Kwetu mtu aliyependa muziki hazikwi kimya. Waliweka gramafoni uani, wakaleta santuri, na watu walicheza wakilia. Shemeji yangu akaniuliza, "Yake iko wapi?" Nikasema sikuja nayo. Akanitazama tu. Wakacheza nyimbo za watu wengine.

Mama yake Okello, Mama Apiyo, alikuwa amepoteza macho mwaka mmoja kabla. Hakuwahi kuisikia santuri ya mwanawe. Alisimuliwa tu kwamba Okello anaimba ndani ya sahani huko Eldoret. Siku niliyoanza kufungasha kurudi, alinishika mkono, akanikalisha karibu naye.

"Walinipeleka kwenye jeneza," akasema. "Nikagusa uso. Ulikuwa baridi, ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Sauti ningeijua. Niletee, nimsikie."

"Nitakuletea, Mama."

"Usiseme tu."

"Nitakuletea."

Kichwani niliona tayari mahali santuri zake zilipo dukani, rafu ya tatu, karibu na dirisha. Nilikumbuka kumi na moja zilikuwa zimebaki.

Nilirudi Eldoret mwezi wa Juni. Githinji alikuwa amepaka rafu rangi mpya. Alinipokea kwa mikono yote miwili, akaniletea kiti, akafunga mlango nusu ili wateja wasitusumbue. Spika ilikuwa kimya, na ilikuwa Jumamosi.

"Mama Aketch, pole. Pole sana. Usiogope kuingia. Nimekusafishia."

"Umenisafishia nini, Mzee?"

"Zile zake. Hakuna hata moja humu. Hata ile ya spika. Hutamsikia tena, uketi ufanye kazi yako kwa amani."

Nilitazama rafu ya tatu. Palikuwa na vitabu vya nyimbo za kanisa, vimepangwa vizuri.

"Umezipeleka wapi?"

"Mbali. Alipita mchuuzi mmoja, Kiarie, yule wa kupanda treni na kikapu. Nilimpa zote. Nikamwambia aziuze huko mbele, asizirudishe mji huu." Alikuwa akiongea taratibu, kama mtu anayetoa zawadi. "Mimi nililelewa na nyanya yangu. Babu alipokufa, siku hiyo hiyo walitoa kiti chake, kibuyu chake, fimbo yake, nyanya asivione. Mjane haachiwi kitu cha kumchoma moyo. Sasa sauti, si ni zaidi ya kiti? Ungekuwa hapa unapanga vitabu, mara mtu aje aseme nionjeshe ile ya Okello. Ningefanya nini?"

"Ungemwonjesha," nikasema.

Aligeuka akaitazama rafu ya tatu.

"Mzee, nimerudi kuchukua moja. Mama yake ananisubiri. Kwetu tunataka kumsikia. Hatumfichi."

Githinji alikaa juu ya sanduku la vitabu. Alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama. Nilikuwa na hasira ya kuweza kuvunja kioo, na wakati huo huo nilijua kwamba hakuna mtu Eldoret nzima aliyenifikiria zaidi ya huyu. Nililia kwa yote mawili. Yeye alinipa gazeti, kwa kuwa hakuwa na kitambaa.

Nilianza kutafuta. Nilipiga hodi kwenye nyumba za landi ambazo nilikumbuka kuandika majina yao kwenye lebo. Watu wa reli hawakai. Mmoja alikuwa amehamishiwa Tororo, mwingine Voi, mwingine alisema aliipeleka kwao na nyumba ya kwao ikavuja. Niliandika barua Nairobi kwa yule mwenye studio. Haikujibiwa. Githinji naye alikuwa akienda stesheni kila treni ilipofika, akimtafuta Kiarie katikati ya abiria. Wiki ya tatu alimpata.

"Nimeziuza, Mzee, si uliniambia niziuze?" Kiarie alisema. "Moja hapa, moja pale. Watu wa kwenye treni, nitawajua vipi? Ninayoijua ni moja tu. Ilinunuliwa na Warigia wa hoteli ya chai, Timboroa, karibu na kiwanda cha mbao. Huyo alinibania bei mpaka nikakumbuka sura yake."

Jumatano iliyofuata Githinji alifunga duka. Sikuwahi kuliona limefungwa Jumatano. Tulipanda treni ya asubuhi, yeye na mimi, na katika mfuko wa koti lake alikuwa na sindano mpya imefungwa kwa pamba.

Timboroa kulikuwa na baridi na ukungu, na harufu ya mbao mbichi. Hoteli ya Warigia ilikuwa kibanda cha mabanzi chenye meza nne. Gramafoni ya betri ilikuwa juu ya kabati la mandazi. Githinji aliinama, akaitazama sindano yake, akashika kichwa.

"Mama, sindano hii umeibadilisha lini?"

"Kwani hubadilishwa?" Warigia akauliza.

"Hii si sindano tena, ni jembe! Unailima hiyo santuri!"

"Mzee, mimi nauza chai. Kaa, nikupe chai."

Nilimwuliza kuhusu wimbo wa treni. Uso wake ukafunguka. "Ah, hiyo! Ngojeni saa saba, muone."

Saa saba wafanyakazi wa kiwanda waliingia, nywele zimejaa unga wa mbao. Hawakuagiza chakula kwanza. Mmoja alisema, "Mama, tupandishe treni," na Warigia akaweka santuri. Niliona lebo ikizunguka. Haikuwa na jina la mtu yeyote.

Mwanzoni nilisikia mvua tu. Kisha gitaa, mbali sana. Kisha Okello. Nilishika ukingo wa meza. Alikuwa ni yeye, lakini kama anayeimba akiwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Katika ubeti wa pili sauti ilizama kabisa, na pale pale wale wanaume wakaimba wao, mahali pale pale, maneno ya Kijaluo wasiyoyajua, wameyaharibu kila moja, wakipiga meza kwa vijiko. Waliijaza ile sehemu mpaka Okello alipojitokeza tena upande wa pili. Walipofika kwenye jina langu waliliimba kwa nguvu kuliko yote.

Githinji alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuwahi kumsikia mtu aliyemjua akiimba baada ya kufa.

Wimbo ulipoisha nilimwambia Warigia kwamba nataka kuichukua.

"Hapana, mama," akasema. "Hii ndiyo inayowaleta hawa. Ukiichukua, kesho watakula kwa yule wa ng'ambo ya reli. Nenda mjini, ziko nyingi."

"Haziko. Huyu anayeimba alikuwa mume wangu. Alikufa Aprili. Mama yake hajawahi kuisikia. Mimi ndiye Selpha."

Vijiko viliwekwa mezani. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akavuta kofia yake chini.

"Samahani, mama," akasema. "Sisi tulijua Selpha ni stesheni."

Mmoja alicheka, akajizuia, halafu mimi nikacheka, na wote wakacheka kwa kuona nimecheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Aprili. Warigia aliitoa santuri, akaifuta kwa aproni yake, jambo lililomfanya Githinji afumbe macho, akaifunga kwa gazeti. Hakutaka kitu. Githinji aliahidi kumletea santuri kumi na sindano, na alimletea.

Kwenye treni ya kurudi Githinji alilifungua gazeti karibu na dirisha, akaigeuza geuza santuri kwenye mwanga.

"Nikuambie ukweli?"

"Niambie, Mzee."

"Imeisha hii. Kwa sindano nzuri itaimba mara tano, sita. Kila mara itapunguka. Baada ya hapo ni mvua tu."

Nilipiga hesabu yangu. Mara moja kwa Mama Apiyo, kama nilivyoahidi. Nne au tano zilizobaki zingekuwa zetu. Ningeiweka kabatini bila kuigusa mpaka Aketch awe mkubwa wa kukumbuka anachosikia, halafu ningemwonjesha baba yake. Na mara moja, siku ambayo nisingeweza kuvumilia, ningekuwa na yangu peke yangu. Nilishikilia hesabu hiyo kwa miezi miwili. Sikuicheza hata mara moja.

Mwezi wa Agosti shemeji aliandika: Mama hali chakula, njoo. Nilimwomba Githinji aniazime gramafoni ya betri ya dukani. Akasema hataniazima.

"Nitaibeba mwenyewe. Utaiweka wewe? Mkono wako umezoea vitabu. Ukiiangusha sindano mara moja tu, basi. Mimi ndiye niliyemfukuza, mimi ndiye nitakayempeleka."

Nyaguthii alisikia kutoka mlangoni. Kampuni yao ilikuwa imeita wanachama Kiplombe kuokota kura za mashamba Jumamosi ile ile ya safari. Kila mwanachama alitakiwa aje mwenyewe na kitambulisho, aingize mkono kwenye kofia, atoe namba yake. Asiyekuja angepewa kitakachobaki.

"Baba Waweru, tumengoja miaka minne," akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha. "Jumamosi moja. Mtu aliyekufa hana haraka."

"Mama yake anayo," Githinji akasema.

"Nasi je? Tutakula nyimbo?"

"Nenda wewe uokote. Nitakuandikia barua."

"Watanikataa."

"Basi watupe kinachobaki."

Nilimwambia abaki. Nilimwambia mara mbili, na mara ya pili sikusema kwa nguvu. Hilo nalikubali. Nyaguthii alikwenda Kiplombe na barua, wakamkataa, na walichopata ni kipande cha mwisho, upande wa mawe. Miaka mitatu baadaye Githinji alipofunga duka akahamia huko, niliwatembelea, nikamkuta Nyaguthii akiondoa mawe kwa mikono na kuyapanga ukingoni. Alinikaribisha vizuri. Alinipa uji. Alipoinua jiwe kubwa kuliko mengine alisema, "Hili ni la Okello," na sikujua kama natakiwa kucheka. Duka lenyewe lilikuwa limekufa kabla ya hapo. Watu walikuwa na redio, na waliopata mashamba walitaka jembe. Vitabu vya mwisho tulivitoa bure. Kile cha magonjwa ya kondoo kilichukuliwa na Mzee Kipyego, akasema atajifunza kusoma kikiwa karibu.

Lakini nilikuwa nasimulia safari ya Alego. Githinji, mimi na Aketch tulipanda basi alfajiri kwenda Kisumu, tukapanda jingine. Githinji alishikilia gramafoni kwenye mapaja njia nzima, kama mtoto mgonjwa, na kila basi liliporuka shimo alimwita Mungu kwa sauti, "Ngai!". Jua lilipoanza kuteremka tuliingia bomani. Watu walimtazama huyu Mkikuyu mwenye koti zito la Timboroa, anatokwa jasho.

Mama Apiyo alikuwa amelazwa kwenye mkeka nje, chini ya ukuta wa nyumba yake, apate jua. Alikuwa amekuwa mdogo. Nilimsalimu, nikamweleza aliyekuja nami.

"Ndiye mwenye duka?" akauliza.

"Ndiye."

"Mwambie amekaribishwa. Mwambie nimengoja."

Shemeji alileta kiti, Githinji akaiweka gramafoni juu yake, karibu na kichwa cha Mama. Alibadilisha sindano. Alipuliza vumbi, ingawa hakukuwa na vumbi. Alinitazama, na kwa vile vidole vitatu akaweka sindano kwenye ukingo. Watoto walianza kuuliza kitu, na yeye, kwa mazoea, akainua mkono. Boma zima likanyamaza.

Mvua, kisha gitaa, kisha Okello. Kwa sindano nzuri alikuwa karibu kidogo kuliko Timboroa. Katika ubeti wa pili alizama, na hapa hapakuwa na wa kuijaza ile sehemu. Tulingoja tu, mpaka akarudi. Mama hakusogea. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, kama mtu anayelishwa.

Wimbo ukaisha. Githinji akainua sindano.

"Amekonda," Mama akasema.

Githinji alinitazama, akingoja nimtafsirie.

"Mwanangu alikuwa na sauti nene. Akiita ng'ombe, mpaka ng'ombe wa jirani walikuja. Huyu amekonda." Akageuza uso wake mahali nilipokuwa. "Selpha, mlikuwa mkimlisha nini huko Eldoret?"

"Alikuwa anakula, Mama."

"Anakula nini?"

"Ugali. Mboga. Samaki, tukipata."

"Samaki gani, kwenye mlima?" Alivuta pumzi. Mkono wake ulitafuta hewani mpaka ukapata mguu wa kiti. "Lakini ni yeye. Anavuta neno la mwisho, kama baba yake. Ni yeye. Mrudishe."

Nikamweleza Githinji kwa Kiswahili. Akaweka. Mara ya pili sauti ilikuwa chini kidogo, na ubeti wa pili ulichelewa zaidi kurudi. Mama akatabasamu mahali ambapo sikuona cha kutabasamia. "Mrudishe," akasema. Mara ya tatu sikuweza kusikia jina langu. Nilijua tu lilipopita. Mara ya nne lilibaki gitaa, na juu yake kitu kama mtu anayezungumza ng'ambo ya mto. Mama alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo, amefumba macho, na vidole vyake vilipiga mguu wa kiti.

"Mrudishe," akasema.

Githinji hakuhitaji tena nimtafsirie. Alishika mkono wa gramafoni hewani, hakuushusha. Aketch, miaka minne, alikuwa amelala kwenye mapaja yangu, mdomo wazi, jasho shingoni. Hakuwa amesikia hata neno moja.

"Mama Aketch," Githinji akasema polepole, "hii ndiyo ya mwisho yenye kitu. Sema tu. Nitamwambia betri imeisha."

Mama alikuwa akingoja, uso wake umeinuka kuelekea spika. Nilimfunika Aketch miguu kwa leso.

"Weka, Mzee," nikasema.